Kishikwambi cha Ngozi ya Mbuzi

Benchi hili ni langu, na ieleweke hivyo tangu mwanzo. Nililitengenezesha kwa seremala wa mtaa wa Bulla Pesa ili wateja wangu wakae wakisubiri viatu vyao. Miaka sita imepita na sijaona mteja akilikalia. Kila asubuhi linajaa wanaume watatu ambao viatu vyao, kwa uchawi nisioujua, haviharibiki. Wanaagiza chai kwa Madina, jirani yangu wa kibanda cha pili hapa kando ya soko la mifugo, kisha wanaanza kuendesha nchi. Mimi hugongelea soli nikisikiliza. Sichangii sana kwa sababu misumari yangu huiweka mdomoni, mitano mitano, na mtu mwenye misumari mdomoni hujifunza adabu ya kunyamaza.

Wa kwanza ni Abdub, tunayemwita Mheshimiwa. Amegombea kiti cha wadi mara mbili na kushindwa mara mbili, lakini hajakubali matokeo, kwa hivyo jina limebaki. Ndiye pekee mwenye simu kubwa. Sisi wengine tuna kabambe, zile simu ndogo za tochi. Wa pili ni Ntongai, muuza miraa, anayeitwa Daktari kwa kuwa kila jambo duniani kwake ni ugonjwa. Wa tatu ni Ekitela, bawabu wa duka la vifaa vya ujenzi. Huyo tunamwita Kimya. Anaweza kumaliza vikombe viwili vya chai kabla hajatoa neno.

Jumatano moja Kimya alifika na karatasi.

"Shule imeandika," akasema, akampa Mheshimiwa. "Soma."

Mheshimiwa akavaa miwani, akakohoa, akasimama. Huwa hasomi barua akiwa amekaa.

"'Mzazi mpendwa. Kila mwanafunzi wa Gredi ya Tisa afike Jumatatu akiwa na kishikwambi chake mwenyewe. Kishikwambi kisipungue inchi kumi, na jina la mwanafunzi liandikwe nyuma. Asiye nacho hataanza kazi ya mradi, na mradi huo utahesabiwa katika mtihani wake wa mwisho. Wako katika Kiswahili sanifu, Mwalimu Denge.'"

"Kishi-nini?" Ntongai akauliza.

"Kishikwambi."

"Hiyo naijua. Inashika hapa kwa kwapa, halafu inateremka mpaka kwa figo. Shangazi yangu kule Maua alikuwa nayo."

"Sasa shule inataka watoto wakuje na ugonjwa?" Madina akauliza, birika mkononi.

"Wapimwe! Si ndiyo maana wanataka kila mtu akuje na yake?"

"Daktari, wachia waliosoma," Mheshimiwa akasema. "Mimi Kiswahili nilifika nayo kidato cha pili. Tulipasue hili neno. Kishika, ni kitu ya kushika. Hapo tuko pamoja? Wambi, inatoka kwa kuwamba. Kuwamba ni kuvuta ngozi ikae tititi kwa fremu. Kwa hivyo kishikwambi ni nini? Ni fremu ya kushika ngozi! Hiyo ni utamaduni. Serikali imekumbuka wafugaji mwishowe."

"Wewe Mheshimiwa, si uingie ndani ya hiyo simu utafute?" Madina akasema. "Unaibeba ya nini?"

"Madina, hii bando ni ya mambo ya wananchi. Siwezi kuimaliza na kamusi."

Mngefikiri mtu mzima angecheka. Lakini tangu huu mtaala mpya wa CBC uje, mzazi hapa mjini hashangai tena. Kimya akahesabu kwa vidole, polepole.

"Muhula wa kwanza waliitisha sanamu ya kufukuza ndege. Nikatengeneza. Mbuzi ya jirani ikakula suruali yake. Muhula wa pili wakaitisha chupa ya plastiki ishirini. Nikaokota. Hii ya ngozi angalau naijua." Akakunja karatasi. "Akolong ndiye wa kwanza kwa darasa. Anataka kuwa injinia ya maji. Hawezi kukosa huu mradi kwa sababu ya baba."

Hiyo ndiyo hotuba ndefu zaidi niliyowahi kumsikia akitoa, na ilinikaa rohoni. Siku ileile alimchinja beberu. Kwa kuwa barua ilisema isipungue inchi kumi, akatengeneza ya thelathini, wasije wakamrudisha mtoto kwa ajili ya kipimo. Akaikwangua ngozi ikawa nyeupe, akaiwamba kwenye fremu ya mti mgumu, akaandika nyuma kwa rangi ya mafuta: AKOLONG EKITELA, GREDI 9. Jumatatu asubuhi tulimwona binti akipita barabarani na lile jambo mgongoni, anafuatwa na nzi na mbwa wawili.

"Dansa! Nzuri sana!" Mheshimiwa akampigia makofi. "Hiyo ndiyo elimu!"

Saa nne hazijafika, binti akarudi. Sasa ameikumbatia fremu kifuani, macho mekundu. Hakusalimia mtu, na Akolong ni mtoto wa kusalimia hata mbuzi.

"Baba, kishikwambi ni tableti."

"Nilisema!" Ntongai akaruka. "Si nilisema ni ugonjwa? Tableti ziko hapo kwa famasi. Wanataka za rangi gani?"

"Si dawa, baba Ntongai. Tableti ya kusoma. Kama simu kubwa. Watoto wote wamecheka. Mwingine ameniuliza kama yangu inatumia laini gani." Akajifuta pua kwa mkono wa sweta. "Mwalimu amesema mpaka kesho. Kesho nisipokuwa na kifaa, jina langu linatolewa kwa mradi."

Kimya akaitazama ngozi, kisha akamtazama Mheshimiwa. Macho yake siku ile yalikuwa na uzito wa kilo tisini. Mheshimiwa akagundua ghafla kwamba chai yake ina nzi.

"Shida si mimi," akasema. "Shida ni sera. Juzi mtoto akishikwa na simu shuleni alikuwa anaitwa mbele ya gwaride. Leo akikosa simu anarudishwa nyumbani. Mimi kama kiongozi napinga. Simu inaharibu watoto."

"Inaharibu macho," Ntongai akaongeza. "Halafu inashuka kwa shingo. Halafu mtoto anaanza kuongea peke yake."

"Wewe unaongea peke yako na huna simu," Madina akamjibu. "Akolong, hao wenye tableti, wanasoma?"

"Hata hawasomi, mama. Tuko sitini na darasa iko na soketi moja. Wengine wamekuja na tableti, wengine simu. Mmoja amekuja na simu ya nyanya yake, na nyanya anapigiwa kila saa. Tukiwa katikati ya hesabu, inalia, anauliziwa bei ya tumbaku. Kijana anajibu, maana ameambiwa asipoteze mteja. Halafu mtandao ya shule inashika kwa choo ya walimu tu. Saa ya kipindi tunapanga laini huko nje. Mwalimu mkuu aliona laini akafikiri ni kuhara, akapigia watu wa afya."

"Ni kuhara," Ntongai akasema kwa uhakika.

"Na walimu?" Madina akauliza.

"Mwalimu wa sayansi anaogopa kuzishika. Anasema akiangusha moja, mshahara wake umeenda. Anafundisha akiwa mlangoni."

Mheshimiwa akapiga paja. "Mmesikia? Basi mtoto hakosi kitu! Akae nyumbani asome kitabu."

"Waryaa, wewe!" Madina akaweka birika chini, na Madina akiweka birika chini tunajua mambo yameharibika. "Nani alipasua neno hapa? Nani alisema ni fremu? Mbuzi ya Kimya imekufa kwa sababu ya kidato chako cha pili. Toa simu."

"Simu gani?"

"Hiyo. Akolong atasoma nayo mpaka mradi uishe."

"Madina! Hii simu ina watu mia tatu na kumi! Ni group ya kampeni. Nani atawaambia wananchi habari za asubuhi?"

"Basi kuanzia leo chai yako itakuwa inapitia kwa group."

Mheshimiwa akatutazama mmoja mmoja akitafuta mtu wa kumtetea. Ntongai akaangalia juu. Kimya alikuwa bado anamtazama palepale. Mimi nilikuwa na misumari mdomoni. Mheshimiwa akaitoa simu mfukoni kwa uchungu ambao sitaucheka, maana niliuona. Kile kitu ndicho pekee kinachomwita Mheshimiwa bila kucheka.

"Akolong, mtoto yangu, nisikize. Usiguse group. Mtu akisalimia, jibu 'amina' peke yake. Mtu akiomba kitu, jibu 'inashughulikiwa'. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mheshimiwa. Neno la siri?"

Akainama kumnong'oneza, lakini masikio yangu hayana misumari. Neno la siri ni "nitashinda", herufi ndogo zote.

Akolong akaondoka mbio na simu mfukoni. Fremu pia aliichukua. Baba yake alimwambia aiache, akakataa, akasema jina lake liko nyuma.

Jioni ileile Mwalimu Denge alipita kuchukua viatu vyake. Ni mtu mwembamba mwenye hasira na Kiingereza. Ukimwita "ticha" hageuki. Akanilalamikia nusu saa nzima kuhusu mji huu usiojua lugha ya taifa. Tableti ni kishikwambi, akasema. Laptopu ni kipakatalishi. Kompyuta ni ngamizi. Nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa nagongelea kisigino chake, na mnajua misumari yangu inakaa wapi.

Wiki ikapita na habari zikaanza kufika kijiweni. Siku ya Jumatano umeme ulipotea mji mzima. Kufikia saa nane vifaa vyote vya Gredi ya Tisa vilikuwa vimezima, hata simu ya yule nyanya. Mwalimu Denge akatafuta cha kuchorea mchoro wa mradi, maana ubao wa darasa uling'olewa ili zije skrini ambazo hazijaja. Akaona ngozi ya Akolong imesimama pembeni. Akachukua mkaa, akafundisha juu yake mpaka kengele ya mwisho.

"Sitini wamezima," Akolong alituambia akicheka, "kishikwambi changu peke yake kikabaki na chaji."

Kimya alitabasamu siku hiyo. Nawaambia kwa sababu jambo hilo halitokei kila mwaka.

Lakini kulikuwa na jambo lingine. Kwa mradi wake, Akolong alimpiga baba yake video akiwamba ngozi nyingine, hatua kwa hatua, kisha akaeleza jinsi ngozi ileile ilivyokuwa ikishonwa kubebea maji. Ilikuwa nzuri. Alipotaka kuituma kwa mwalimu, kidole kikateleza, ikaenda kwenye group ya kampeni. Watu mia tatu na kumi wakaamka. Mtu wa Kipsing akaandika kwamba kwa mara ya kwanza Mheshimiwa ametuma kitu cha maana. Mwingine wa Rapsu akauliza kama kuna sehemu ya pili. Wazazi wa Gredi ya Tisa walioko mle ndani wakakutana, wakampa cheo: Mlezi wa Darasa. Ni uchaguzi wa kwanza Abdub kushinda maishani, na alishinda akiwa hana simu.

Kwa hivyo Jumanne iliyofuata, barua ya pili ilipofika, jina lililoandikwa juu lilikuwa lake. Akolong aliipitisha kwa baba yake asubuhi akienda shule, baba akaileta. Mheshimiwa akaivalia miwani, akasimama. Kisha akapanda juu ya benchi. Benchi langu.

"'Kwa Mheshimiwa Mlezi wa Darasa. Vifaa vya wanafunzi ni vya aina nyingi, na kazi zao haziwezi kukusanywa pamoja. Mtihani unakaribia. Kazi zote sitini zahitaji kuwekwa mahali pamoja kabla ya Jumatatu, la sivyo hakuna itakayohesabiwa. Darasa linaomba ngamizi moja.'"

Nikaacha kugonga.

"Ngamizi," Mheshimiwa akarudia taratibu, na uso wake ukang'aa. "Hii hata haitaki kupasuliwa. Mimi ni Mborana. Mtu ataniambia nini kuhusu ngamia?"

"Lakini imesema ngamizi," Madina akasema.

"Ni sanifu, Madina. Wao husema sanifu. Ngojeni, kuna sifa. 'Ngamizi iwe na kasi.' Sawa. 'Iwe na kumbukumbu kubwa.' Mmesikia? Huyu mwalimu anajua mifugo! Ngamia ya ndugu yangu Guracha kule Biliqo, ukiipiga leo, mwaka kesho inakutafuta kati ya watu mia."

"Endelea," Ntongai akasema.

"'Iwe imekingwa dhidi ya virusi.'"

"Chanjo!" Daktari akapaza sauti kwa furaha ya mtu aliyengoja miaka sita. "Hapo nitakuja mwenyewe kuiangalia ulimi!"

"'Na iletwe pamoja na kipanya chake.'" Hapo Mheshimiwa akasita. Akaitazama barua, akaigeuza nyuma, akairudisha. "Kipanya."

"Panya ya nini?" Madina akauliza.

"Ngoja. Ngamia haiwezi kuteremsha maziwa kama mtoto yake haiko karibu. Si ndiyo? Kipanya ni yule mdogo anayefuata nyuma. Wanataka ya maziwa! Watoto sitini wanywe, wapate akili, kazi zikae mahali pamoja. Kichwani!"

Nikajaribu kusema. Nilisema "mmh", nilisema "mm-mm", nikainua nyundo. Ntongai akaniambia nisishangilie kabla ya hotuba kuisha. Nikaanza kutoa misumari. Mtu asiyeijua kazi hii atasema niitupe tu, lakini ukifungua mdomo kwa pupa unameza, na mimi nina watoto.

Msumari wa kwanza ukatoka.

"Kimya," Mheshimiwa akasema, "wewe ndiwe mzazi. Nipe maoni. Nilikukosea ile mara ya kwanza, nakubali mbele ya watu. Hii mara niko sawa ama siko sawa?"

Kimya akanywa chai. Akaweka kikombe. "Hapo kwa kipanya ndipo nilikuwa nimekwama," akasema. "Lakini umeeleza vizuri."

Msumari wa pili. Wa tatu.

"Basi naenda Biliqo kwa ndugu yangu leo leo! Nishike gari ya Merti kabla haijajaa. Jioni ukimwona Akolong, mwambie aandike kwa group, na aandike vilevile barua inavyosema: 'Mimi Mheshimiwa Abdub natoa ngamizi moja, pamoja na kipanya chake.' Wananchi wajue."

"Ataandika vilevile," Kimya akasema. "Hatakosea hata herufi."

Mheshimiwa akaruka chini, akasimamisha bodaboda, akapanda na koti linapepea. Ntongai akamkimbilia hatua chache akimpigia kelele kuhusu kupe. Msumari wa tano ukatoka vumbi la bodaboda likiwa bado hewani.

"Jamani!" nikasema. "Ngamizi ni kompyuta! Mwalimu Denge aliniambia mwenyewe!"

Madina akashika mdomo. Ntongai akageuka.

"Najua," Kimya akasema.

"Unajua?"

"Akolong aliniambia asubuhi akinipa barua."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema nini?" Akanitazama vizuri, na sikuona mzaha machoni mwake. "Mtoto yangu alipita hii barabara na ngozi mgongoni, nzi zinamfuata, na huyu akipiga makofi. Hakuna mtu alisema kitu."

Nikaanza kuipanga misumari yangu, maana hata mimi nilikuwa hapa siku hiyo.

"Lakini hiyo kompyuta je?" Madina akauliza. "Jumatatu watoto watafanya nini na ngamia?"

"Madina, wewe unamjua Mheshimiwa. Ukimwambia darasa linataka kompyuta, ataunda kamati. Kamati itakunywa chai mpaka Akolong aolewe. Ukimwambia ni ngamia, analeta ngamia. Si ameenda?" Akanyoosha kidole kuelekea ng'ambo ya ua, ambako mbuzi walikuwa wanapanda lori. "Soko ni hiyo. Ngamia wa maziwa mwenye mtoto anauzwa kabla hajakunywa maji. Jioni ileile kompyuta iko darasani."

"Na akikataa kuuza?"

"Atakataa vipi? Atakuwa ameandika kwa group kwamba anatoa ngamizi. Watu mia tatu na kumi watakuwa wamesema amina. Hawezi kuwaambia hakujua neno."

Ntongai alikaa chini taratibu. Akasema huo sasa ni ugonjwa ambao hajawahi kuuona. Madina alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda, kisha akamjazia Kimya kikombe cha tatu bila kuulizwa.

Tukasikia bodaboda inarudi. Mheshimiwa alikuwa amesimama juu ya vikanyagio nyuma ya dereva, mkono mmoja hewani, barua ikipepea.

"Kimya!" akaita kutoka mbali. "Barua haikusema! Wanataka ya rangi gani?"

Kimya akasimama ili asikike vizuri.

"Nyeupe!" akajibu, uso ameukaza. "Na usisahau kipanya!"